Poda ya Ijumaa

Mke wangu Yvette aliponiachia watoto watatu kwa wiki nzima, kilichoniudhi ni jinsi alivyoangalia nyumba kabla ya kutoka. Alisimama mlangoni na sare yake ya kazini, barakoa tayari usoni, macho yakazunguka sebule kama mtu anayeacha maziwa jikoni na moto unawaka.

"Fidèle, ni wiki moya tu," alisema. "Ukiona inakushinda, unanitumia message. Na usipigie batoto makelele."

Inishinde? Mimi? Nilifundisha shule ya msingi kule Uvira miaka kumi na mmoja. Watoto hamsini na wanane chumba kimoja, madirisha hayana vioo, kipande cha chaki tunakivunja mara tatu ili kifike Ijumaa. Leo watoto watatu, niliowazaa mwenyewe, kwenye nyumba yenye hita na friji, ndio wanitoe jasho? Nikamwambia aende zake, wazee wake wa kazini wanamngoja.

Ilikuwa mwezi wa nane, mwaka 2021. Mtaa wetu wa Guildford, huku kusini kabisa mwa dunia, ulikuwa umefungwa kwa sababu ya korona. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa, na kila siku saa tano asubuhi watu wote walikaa mbele ya televisheni kusikiliza idadi ya wagonjwa. Ghala la Minto ninakopanga maboksi lilituma ujumbe kwamba sisi wa mitaa iliyofungwa tusije mpaka tuambiwe. Yvette anatunza wazee, kwa hiyo yeye alikuwa na ruhusa. Kwa kawaida alikuwa akienda mchana, asubuhi anasimamia masomo ya watoto, na mimi sikujua hata kompyuta ya shule inawashwa wapi. Sasa wenzake kadhaa walikuwa karantini, wakampa zamu ya asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa.

Nikasema moyoni, vizuri. Hatimaye nyumba hii itapata mwalimu.

Jumatatu saa mbili na nusu niligonga sufuria kwa mwiko. Wakajipanga kwenye korido: Ketsia wa miaka tisa, Destin wa sita, na Aksanti wa mitatu ambaye hasomi popote lakini mstari anaupenda. Nikakagua kucha. Nikamrudisha Ketsia akachane nywele.

"Papa, this is just the lounge room," Ketsia akasema. Watoto wangu wanaelewa Kiswahili chote, hata kile ambacho sitaki wakielewe, lakini ukiwauliza kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza.

"Leo ni darasa," nikamjibu. "Na sheria ya kwanza ya darasa ni hii. Mwalimu hakosei. Semeni wote."

Nikataka waiseme kwa Kiswahili, na kwa sauti. Ketsia aliisema huku akiangalia dari. Aksanti aliipiga kelele mpaka akakohoa. Destin aliisema polepole akiangalia mdomo wangu, ahakikishe ameipata sawasawa. Ndivyo alivyo huyo mtoto. Ukimwambia neno, halianguki chini.

Kisha mwalimu wake, Miss Haddad, akatokea kwenye kioo cha kompyuta, binti mwenye sauti laini na masikio yaliyojaa hereni. Nikamnong'oneza Destin: simama, mwalimu ameingia. Akasimama. Darasa zima likaona tumbo lake. Watoto wakacheka, Miss Haddad akamwambia kwa upole akae. Nilikuwa nimejificha kando ya kabati asinione, nikampungia mkono: simama! Mtoto akakunja magoti nusu, hajasimama wala hajakaa, na akabaki hivyo nusu saa nzima, miguu ikimtetemeka. Mimi nilifurahi. Niliona nidhamu.

Jumanne tukafungua kitabu chake cha kusoma, habari za mbwa aliyepoteza kofia. Yvette alikuwa ameniambia kwamba Destin anausoma ukurasa huo peke yake akila mkate. Kwangu alisoma maneno matatu akakwama. Nikagonga meza kwa rula. Meza tu, mtoto sikumgusa, sheria za hapa nazijua. Akaanza upya, akakwama kwenye neno la pili. Nikagonga tena. Mara ya nne alifumba macho kabla hata rula haijashuka.

Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Mwanangu hajui kusoma, na mama yake ananificha.

Na mchana wa siku hiyohiyo ikaja barua pepe ya shule. Niliisoma mara mbili, kidole kwenye kioo. Ijumaa saa nane mchana, mkutano wa madarasa madogo kwa Zoom. Majina ya wanafunzi yatasomwa. Familia mnakaribishwa.

Nikasema, kumbe hata Wazungu wana proklamasyo!

Kwa asiyejua: kwetu, mwisho wa mwaka, wanafunzi wanajipanga uwanjani wamevaa mashati meupe, wazazi nyuma yao, na mwalimu anasoma majina ya waliofaulu pamoja na asilimia zao. Ukisikia jina lako unatoka mbele, na watu wako wanakumwagia poda kichwani mpaka unakuwa mweupe kama aliyetoka kwenye mashine ya unga. Usipolisikia jina lako, basi. Hakuna anayekuambia kwamba umeanguka. Majina yanaisha, watu wanaondoka, na wewe unaelewa.

"It's not like that, Papa," Ketsia akasema. Akanieleza kwamba ni watoto wachache tu kila wiki, na kwamba yeye mwenyewe amewahi kuitwa mara mbili na hakuna kilichotokea.

"Ketsia, nani mwalimu hapa?"

Akavaa visikizi vyake masikioni. Na mimi, Mungu anisamehe, sikumuuliza mtu mwingine. Yvette alirudi saa kumi na moja jioni, akalala kwenye kochi na viatu miguuni. Aliponiuliza masomo yanaendaje, nilimwambia yanakwenda vizuri sana.

Jumatano asubuhi nikamkalisha Destin mbele yangu nimpe sababu ya kusoma. Nikamsimulia habari za Vénérand. Huyo alikuwa mwanafunzi wangu, mtoto mpole, kaptula yake ilifungwa kwa kamba ya katani. Siku ya proklamasyo alikuja na mama yake, na mama alishika poda mkononi, kopo jipya, hata kifuniko hajakifungua. Nikasoma majina. La Vénérand halikuwemo.

"Unajua kilichotokea?" nikamuuliza Destin. "Shati lake la shule mama yake alimvua... hapana, alilivua mwenyewe, akampa mdogo wake. Mdogo akaenda shule. Yeye akaenda kubeba mchanga. Ndiyo maana nakwambia, soma."

Nilikuwa mtu wa kusimulia vizuri, wenzangu wote shuleni walinisifu kwa hilo. Destin alinisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa.

"Did he cry?" akauliza.

"Sijui. Niliendelea kusoma majina."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepokea maelekezo ya njia.

Siku hiyo alisema tumbo linamuuma. Wakati wa hesabu Miss Haddad alitaka wachore sungura anaruka kwenye mstari wa namba, aruke nane kisha tano, waone anafika wapi. Nane na tano! Nikafuta sungura, nikamwonyesha namna ya kupanga tarakimu wima, na alipochelewa nikachukua penseli nikamaliza mwenyewe ukurasa mzima, mistari imenyooka, nikaupiga picha na kuutuma. Jibu likaja baada ya saa moja: kazi nzuri sana, lakini tungependa kuona ya Destin. Kuna uso wa kucheka ulichorwa pembeni. Nilikaa na simu mkononi nikiwa na aibu ambayo sikuwahi kuipata tangu nikiwa mwanachuo. Kisha nikamgeuzia hasira yeye, kwa nini hakushika penseli kwa haraka.

Nilitoka kwenda dukani, maana mtu mmoja tu kwa kila nyumba ndiye aliyeruhusiwa. Nikanunua mkate, mchele na poda ya watoto, kopo kubwa. Sijui nilikuwa nawaza nini. Nadhani niliwaza kwamba nikiwa nayo ndani, jina halitakosa.

Alhamisi tulirekodi kusoma. Miss Haddad alitaka kila mtoto asome ukurasa mmoja, mzazi amrekodi kwa simu. Tulirudia mara tisa. Mara ya kwanza alikwama, mara ya tatu alilia, mara ya sita Aksanti alipita mbele ya simu amevaa ndoo kichwani na Destin akacheka kidogo, nami nikafoka mpaka jirani akazima redio yake. Mara ya tisa alisoma ukurasa wote bila kosa. Nikarukaruka. Ndipo nilipoona kwamba kitabu kilikuwa kimefunguliwa ukurasa mwingine. Alikuwa amekariri. Macho yake hayakuwa kwenye kitabu kabisa, yalikuwa kwenye mkono wangu wa rula.

Nikaituma hivyohivyo.

Saa tisa Miss Haddad akapiga simu. Alizungumza polepole ili nimwelewe. Akasema Destin ni mtoto mzuri. Akasema wiki hii anaonekana amechoka. Akasema nisiwe na wasiwasi hata kidogo, masomo yanaweza kungoja. Nimwache acheze, tupike keki pamoja, tutembee hadi bustanini tuhesabu ndege.

"No worries at all, Fidèle," akamalizia.

Nilikata simu. Kwetu mwalimu akikuambia mtoto wako acheze tu, maana yake amekata tamaa naye. Mimi mwenyewe nimewahi kuwaambia wazazi maneno hayo, kwa upole uleule, nikiwa nimeshaandika orodha. Ningemwelewaje vinginevyo? Nilitamani nimpigie tena nimwambie, dada yangu, nipigie makelele, niambie mtoto wako mvivu, hapo nitajua kuna tumaini. Lakini Kiingereza changu ni cha ghalani: inua, shusha, wapi, ngapi. Cha kumwombea mtoto sikuwa nacho.

Basi nikafanya kile ninachokiweza. Nikampigia mama yangu Uvira, nikampigia dada yangu Verdiane anayeishi Minto, nikawaalika wote kwa WhatsApp. Proklamasyo ya Destin, kesho saa nane yetu. Nilifikiri Mungu hawezi kuniaibisha mbele ya watu wengi hivyo.

"Poda iko?" Verdiane akauliza.

"Iko."

"Basi umwage nyingi, na ya kwangu pia, maana mimi polisi hawataniacha nipite."

Ijumaa niliwapigia pasi. Destin alivaa fulana yake ya shule, ile ya bluu yenye kola, soksi ndefu, na kofia ya ukingo mpana ambayo hawaivai ndani lakini nilimwambia avae. Mimi nilifunga tai. Nikaegemeza simu kwenye kopo la sukari ili mama na Verdiane waone kompyuta. Kwa mama ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, jogoo wanasikika nyuma yake, na alikuwa amefunga kitambaa chake cha kanisani. Verdiane alikuwa amepaka wanja. Poda niliishika mkono wa kulia, kifuniko nimeshakilegeza.

Ketsia alisimama karibu na jokofu. "Papa, please," akasema. Sikumtazama.

Mwalimu mkuu akatokea, wakaimba wimbo wa taifa kila mtu kwa wakati wake, kisha majina yakaanza. La kwanza. La pili. Kila jina, uso wa mtoto unajaa kwenye kioo, wazazi wanapiga makofi nyuma yake. Darasa la Destin likafika, Miss Haddad akachukua karatasi. Nikamshika Destin begani. Miss Haddad akasoma jina la msichana mmoja. Akasoma la mvulana mmoja, anayeitwa Kamande, mama yake akapiga kigelegele kimoja kikakatika. Kisha Miss Haddad akatabasamu, akaweka karatasi chini, na zamu ikaenda kwa darasa lingine.

Nilingoja. Nilijua na bado nilingoja, mpaka wakatuaga wote, mpaka kioo kikawa cheusi na nikaona tai yangu humo.

"Jina lilipita?" mama akauliza kutoka kwenye sukari. "Fidèle? Mimi sikulisikia. Lilipita?"

Verdiane akadakia haraka. "Mama, ni network. Ilikatika pale pale kwa jina. Hata mimi sikusikia."

"Ndiyo, ilikatika," nikasema.

"Basi umumwagie poda, mwanangu. Nione."

Mkono wangu haukuinuka. Nilichokiona wakati huo ni mama yake Vénérand. Miaka yote nilikuwa nikimsimulia kama sehemu ya hadithi, kopo mkononi, na sikuwahi kujiuliza aliitoaje ile poda nyumbani, aliwaambia nini wanawake wenzake njiani kurudi. Nilikuwa mbali naye hatua ishirini, na karatasi yangu. Nikamwambia mama nitampigia baadaye, nikaifunika simu kifudifudi mezani.

Ketsia alikuja akanikalia kando. Hakusema, "nilikuambia." Alinieleza tu, mara hii kwa Kiswahili kibovu cha kujikaza, kwamba kila Ijumaa wanaita wawili wa kila darasa, wiki nyingine wawili wengine, mpaka wote wanaisha, na kwamba hakuna mtu anayebaki, hapa mtoto anapanda darasa hata akiwa amelala. Nilimsikiliza. Ilichukua muda kuingia. Kwa hiyo hakuna aliyeanguka. Kwa hiyo mwalimu aliposema nisiwe na wasiwasi, alimaanisha nisiwe na wasiwasi. Nilianza kucheka, nikalia kidogo, nikasema: "Destin! Destin, kuja hapa!"

Hakuitika. Hatukuwa tumeona alipoondoka.

Nilimkuta chumbani. Alikuwa amebaki na singlendi na soksi zake ndefu. Aksanti alisimama katikati ya chumba amevaa fulana ya bluu ya shule, imemfika kwenye vifundo vya miguu, kofia imemfunika macho, na begi la Destin mgongoni. Alikuwa amefurahi sana. Destin alikuwa amepiga magoti mbele yake akimweleza mambo kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini. Kwamba bomba la maji ya kunywa liko nyuma ya maktaba, na lile la kushoto maji yake yana joto. Kwamba mwalimu akiingia asimame, lakini asisimame sana. Kwamba wakati wa kula akae na Elkana, Elkana hasukumi.

"Mwanangu," nikasema, "hapana. Vaa nguo zako. Hukuanguka."

Akaniangalia.

Nikapiga magoti na mimi, na tai yangu. Nikamweleza yote, kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza cha ghalani, kisha Ketsia akaeleza kutoka mlangoni. Wawili kila wiki. Zamu yako inakuja. Hapa hakuna wa kubeba mchanga. Nikamwambia Papa hakujua. Nikamwambia, na neno hilo sikuwahi kulitamka mbele ya mtoto yeyote, wala kwa wale hamsini na wanane: "Papa alikosea."

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa, kama siku ile ya Vénérand. Nikaona usoni mwake kwamba ananihurumia. Alifikiri namdanganya ili asilie.

"Hapana, Papa," akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile akanijibu kwa Kiswahili, kila neno mahali pake, kama nilivyomfundisha. "Mwalimu hakosei."

Kisha akageuka akamfunga Aksanti kifungo cha juu.